Kete ya Kona ya Kushoto

4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Mimi mjomba wako ni mzima wa chuma. Kabla sijaendelea, kumbuka unaandikiwa na nani. Mtaa huu wote ukikaa kitako, umekalia kazi ya mikono yangu. Sofa ya mkuu wa polisi, mimi. Viti vya ukumbi wa harusi, mimi. Kuna waziri alikalia mto wangu akasinzia katikati ya hotuba yake mwenyewe, na watu wakapiga makofi.

Basi mtu wa namna hiyo anachezewa. Unamjua muuza nyama, yule tunayemwita Bucha. Kwenye kibaraza cha kinyozi nimekuwa bingwa wa drafti miaka tisa, nakalia kiti cha bingwa nilichokishona mwenyewe kwa ngozi ya basi bovu. Tangu Januari Bucha amenifunga mara kumi na moja. Ananifungaje? Kwa wizi! Nikiwa nakaribia kummaliza, kete yake, kizibo cha soda, inatokea kona ya kushoto, pale kwenye kivuli cha nguzo, mahali ambapo sekunde iliyopita palikuwa patupu. Anaitoa kwenye mfuko wa aproni, naapa. Halafu anakula kete zangu tatu kwa mpigo na kuniuliza, "Vipi mzee, nikufungie na utumbo?" Sasa kiti changu anakikalia yeye, na mafuta yake yote.

Nataka kamera. Iwe ya bei nafuu, ila iweze kuona kutoka karakana yangu, kuvuka barabara, mpaka kwenye vidole vyake. Nitamrekodi, nitamwanika mbele ya mtaa mzima, alie kilio cha mbwa. Wewe unauza vyombo hivyo, nichagulie. Simu siitumii kwa jambo hili, maana mkewe ndiye muuza vocha na ana masikio kama sungura. Nijibu kwa mkono wa dereva wa lori la magodoro. Na uandike kwa herufi kubwa, kama inavyostahili kumwandikia mtu mkubwa.

Wako,
Mjomba

12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha, nashukuru. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unakunywa chai na sukari vijiko vitano. Herufi ni kubwa kama ulivyoagiza, ndiyo maana barua ina kurasa sita.

Nikushauri kama ninavyowashauri wateja. Kwanza, usidanganywe na wingi wa megapikseli. Wewe hutaki picha ya kubandika ukutani, unataka video, basi chukua kamera ya video yenyewe. Pili, kuvuta picha kuko kwa aina mbili. Lenzi ikivuta, kitu kinasogea kweli. Kompyuta ya ndani ikivuta, inachukua kipande cha picha na kukipanua kama mandazi, na unachopata ni uji. Soma boksi, tafuta kuvuta kwa lenzi, mara ishirini zinakutosha. Tatu, toleo la mwaka juzi lina nusu ya bei na linaona vilevile. Uwe na betri ya akiba na stendi ya miguu mitatu, mkono wa binadamu unatetemeka.

Usinunue kwa wachuuzi, Mjomba. Nisubiri mwisho wa mwezi.

Lakini nikuulize, watu wengine wanaotazama mchezo wanaiona hiyo kete ikitoka mfukoni?

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Afya yangu ni ya ng'ombe dume, hasira zangu pia.

Sikukusubiri. Kisasi kikilala kinachacha. Nimenunua kwa mchuuzi kamera ambayo boksi lake limeandikwa MARA MIA TANO. Wewe ulisema ishirini, nikajua ushauri wako ni wa wateja wa kawaida. Nilitoboa mto wa sofa ya mteja, nikaficha kamera ndani, nikaielekeza kibarazani, kisha nikavuka barabara kwenda kucheza nikiwa nimetulia kama maji ya mtungi. Kete ikatokea tena! Nikafungwa, nikatabasamu. Bucha akasema, "Leo mzee amepata homa." Nikamwambia, "Cheka, za mwizi arobaini."

Nyumbani nikafungua kamera. Uji mtupu, kama ulivyosema. Ukungu! Bucha ni doa, kinyozi ni doa, mimi mwenyewe ni doa lenye kofia. Nimejaribu hata picha ya karibu, sindano yangu juu ya meza, nayo ni ukungu. Siku hizi hakuna kitu kinachotengenezwa sawasawa. Hata viwanda vya sindano vimepunguza matundu, uzi unagoma kupita, namwomba kila apitaye mlangoni anitungie. Dunia nzima imejaa akina Bucha.

Umeuliza kuhusu watazamaji? Hao wanasema hawaoni kitu. Amewahonga maini.

Nakutumia takataka hii uitazame, halafu nipatie silaha ya kweli.

Mjomba wako mwenye kidonda

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Hapa sote wazima. Nakutumia kamera ya video iliyotumika, niliijaribu mwenyewe dukani siku nzima. Inavuta mara ishirini na tano, kwa lenzi. Kitufe chekundu ni cha kurekodi, nimekibandikia kitambaa ili ukipapase. Waya wa njano na mweupe unachomekwa nyuma ya televisheni.

Ile ya mchuuzi nimeitazama. Picha za mbali ni uji, hapo una haki. Lakini picha ya sindano mezani, Mjomba, ni safi. Nimehesabu mpaka nyuzi za kitambaa kilicho chini yake.

Nakuomba jambo moja kama mtoto wako. Ukirekodi, itazame kwanza na mtu mmoja unayemwamini. Usianze na umati.

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi sijambo kupita kiasi.

Nimempata! Nimerekodi mchezo mzima, na kete ikatokea kona ileile. Sijaitazama na mtu, siri ya watu wawili ni tangazo. Kesho alasiri naichomeka kwenye televisheni ya kinyozi. Nimewaalika wote, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu, hata mke wa Bucha. Nimetamka mbele ya mashahidi, ikionekana ameiba, aondoke kibarazani asirudi. Naye akauliza, "Na isipoonekana?" Nikasema nitamwomba radhi nikiwa nimesimama, na yeye amekaa kwenye kiti.

Omba Mungu amwonee huruma. Mimi sina.

Mjomba wako, Bingwa

13 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mwezi umepita. Dereva anasema karakana imefungwa nusu mlango na humjibu salamu. Mama halali vizuri. Sitauliza kilichotokea. Niambie tu kama unakula.

Mpwa wako

21 Mei

Mpwa wangu,

Nakula. Mwambie mama yako alale.

Ilikuwa hivi. Watu walijaa mpaka barabarani, kama ilivyo kawaida ninapoonekana. Nikachomeka waya. Nikasema, "Tazameni kona ya kushoto!" Wakatazama. Kisha mwalimu mstaafu akasema kwa upole wa kuudhi, "Mzee, kete iko pale tangu mwanzo. Haijaondoka wala haijaja."

Nikasema haiwezekani, picha ina ukungu. Kinyozi akachukua taulo akafuta kioo cha televisheni. Nikasema bado. Akafuta tena. Watu wakaanza kutazamana. Bucha, akiwa kwenye kiti changu, akanyoosha kitu juu. "Mzee, hivi ni vidole vingapi?" Nikajibu kwa ushujaa, kimoja. Kilikuwa kitana cha kinyozi.

Walicheka, ndiyo. Lakini lililoniua ni lililofuata. Bucha hakucheka. Aliinuka, akapangusa kiti kwa aproni yake, akanishika mkono na kusema, "Kaa, mzee wangu. Radhi achana nayo." Fikiria! Mtu niliyemtafutia aibu tangu Machi, ananikalisha kama bibi yake. Tusi hilo sitalisahau mpaka kaburini, na lazima alipe.

Kwa hiyo sikiliza mpango mpya. Nakuja na basi la Jumatatu. Uliniambia zamani kuna daktari wa macho karibu na duka lako. Nitampitia kidogo, kumsabahi tu. Akiwa na lenzi inayovuta vizuri, aniwekee. Kisha narudi, namkuta Bucha amejisahau kwa wema wake, na namfunga mara kumi na mbili mfululizo, mchana kweupe, nikiziona kete zake zote mpaka kutu ya vizibo. Asiambiwe mtu. Mama yako mwambie nakuja kukagua sofa zenu.

Kamera nimeiacha kwa kinyozi. Wanarekodi michezo kusubiri nirudi.

Na kabla hujasikia kwa dereva, ambaye mdomo wake hauna breki. Jana nilitoa kwenye kopo sindano ya mwaka nilioanza kazi, nikailaza kando ya ile ya juzi, nikamwomba atazame. Matundu ni yaleyale.

Mjomba wako