Dalali wa Simu Tuliyemtafuta Wawili

Mama,

Shikamoo. Najua sitasikia ile marahaba yako ya kuvuta mpaka mtu anacheka, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia.

Mvua zimeanza. Kaburi lako lilititia kidogo upande wa kichwani, nimeongeza udongo, na Bhoke amelipangia mawe pembeni. Ng'ombe ni wazima. Yule mwekundu amezaa dume. Binti zako walikaa mpaka matanga yakaisha, wakarudi kwa waume zao. Sasa tumebaki mimi na watoto, Bhoke na Mwita. Jioni nachota unga wa ugali wa watu wanne, halafu narudisha kidogo kwenye ndoo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo tulilianza wawili nami nimelimaliza peke yangu. Sitaki ulisikie kwa watu, kama huko mnasikia. Ni lile la dalali wa simu.

Unakumbuka lilivyoingia nyumbani. Chacha, mtoto wa shemeji yako, alikuja kutoka Sirari kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki, akakuonyesha kwenye simu bei ya dhahabu inavyopanda na kushuka. Wewe umeishi hapa Nyamongo maisha yako yote ya ndoa. Mgodi wa dhahabu ukilipua mawe, vyombo vinagongana kabatini, na ukuta wa chumba chako una ufa. Dhahabu yenyewe hukuwahi kuishika. Ulimsikiliza Chacha mpaka mwisho, ukanigeukia, "Robi, kumbe hii kitu watu wanaifanyia biashara wamekaa kitandani." Ulitaka tuuze fahali wote wawili siku ileile.

Mimi nikaogopa. Nikakuomba tutafute kwanza dalali wa kutufaa, maana hao wa mtandaoni ni wengi na Chacha alikuwa anamjua mmoja tu. Ukakubali, ila ukaniambia nisitembee kama kinyonga.

Mchana, wateja wakipungua kwenye kibanda changu cha kutoa na kuweka pesa, ulikuwa unakuja na kigoda chako, tunafungua simu. Wa kwanza alikuwa huyo wa Chacha. Dada mmoja wa kwao alipiga kila siku na Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. "Madam, uko ready? Weka tu kidogo leo, kesho utanishukuru." Siku moja ulininyang'anya simu ukamjibu kwa Kikurya, taratibu, kama unamsimulia habari za ukoo, mpaka akakata mwenyewe.

Wa pili alikuwa kampuni kubwa ya nje, yenye kibali cha nchi za huko. Huyo alitupa pesa za majaribio, si za kweli, ili tujifunze. Tukanunua dhahabu. Ikapanda. Ukapiga kigelegele mpaka mama Ghati akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua. Nikakukumbusha kwamba ni majaribio tu. Ukasema, "Basi niache nifurahi kwa majaribio." Kisha mvua ikanyesha, mtandao ukakatika, na mtandao uliporudi bei ilikuwa imeshuka, pesa yote imeliwa. Uliitazama ile simu muda mrefu. "Hizo zingekuwa fahali wangu?" Nikasema ndiyo. Ulikwenda kusimama zizini.

Wa tatu alikuwa wa Dar es Salaam, mwenye kibali cha serikali yetu. Hauzi dhahabu. Anauza hisa za makampuni na hatifungani, ile ya kuikopesha serikali ikakurudishia na riba. Ulimchukia. Ulisema amepoa kama uji wa jana.

Hatukuwa tumeamua presha ilipokuangusha. Kule hospitali Tarime, ulipopata nguvu ya kuongea, hukuniuliza habari za ng'ombe wala shamba. Uliuliza, "Umeshamchagua?" Nikasema bado, mama. Ukashika mkono wangu. "Usimkubali mtu kwa sababu ya haraka yangu." Nilidhani tutaendelea kesho yake.

Mama, baada ya kukuzika, mzee Marwa, shemeji yako, baba yake Chacha, aliita kikao. Alisema nyumba haina mwanaume, ng'ombe wahamie kwake walindwe. Niliinama tu. Nilikuwa nakumbuka siku uliyonitoa Nyanungu, nikiwa na Bhoke mgongoni na sina pa kwenda. Hukujaliwa mtoto wa kiume, ukatoa ng'ombe wako mwenyewe ukanioa, niwe mke wako nikuzalie mtoto wa kiume, nyumba yako isije ikafa. Nyumba ntobu, kama wanavyoiita wazee. Mila inajulikana, hakuna asiyeijua pale kikaoni, lakini akishakosekana mwenye mali, watu wanaanza kusahau.

Aliyesimama ni Chacha. Alimwambia baba yake mbele ya wote, "Nyumba hii ina mwenyewe, na ameketi hapo." Ng'ombe wakabaki. Na ni Chacha huyohuyo aliyeshika jembe la kwanza kwenye kaburi lako.

Sasa fikiria, mama, alipokuja wiki chache baadaye akaniambia, "Shemeji, tutimize aliyoyataka mama. Uza wale fahali, tuweke kwa yule dalali wangu." Ningeanzaje kumkatalia?

Nilimwambia jambo moja tu. "Sawa, shemeji. Toa kwanza kidogo kwenye hizo zako ulizoweka kwake, niione ikiingia kwenye simu hapahapa."

Akacheka, akasema hiyo ni rahisi. Akabonyeza. Ukaja ujumbe kwamba lazima alipe kodi kwanza ndipo atoe. Akampigia yule dada. Nilimsikia, maana sauti ya simu ilikuwa juu. "Boss, ni procedure tu, malizia hiyo utoe zote." Chacha akasema kodi hiyo ameshalipa, tena si mara moja. Simu ikakatwa.

Alikaa juu ya kreti la soda, macho chini. Mteja alikuja, nikamhudumia, akaondoka, Chacha bado amekaa. Kisha akasema polepole, "Waliniambia nikileta mtu mwingine, zangu zitafunguliwa."

Nilitaka kumfukuza. Fahali wako, mama, wangekwenda kumkomboa yeye. Lakini nilipomtazama niliona ile mikono iliyokufukia kwa upole, bila kutupa bonge hata moja kwenye jeneza. Nikamimina chai. Tukanywa. Kesho yake nilimsindikiza polisi, maana peke yake aliona aibu. Wameandika maelezo. Pesa haijarudi, na sidhani kama itarudi. Duka lake limebaki nusu. Siku hizi anakuja kunisaidia kuogesha ng'ombe, na habari ya yule dalali hatuizungumzi.

Ile kampuni kubwa ya nje sikuichukua pia. Siwezi kuwaita wezi, hawakunifanyia ubaya. Ila biashara yao inataka mtu asiyetoa jicho kwenye simu, na mimi nina foleni ya wateja, watoto wawili, na mtandao unaoondoka na mawingu. Haikuwa ya watu kama sisi.

Nikampigia yule wa uji wa jana. Alipokea dada mmoja, mpole. Nikamuuliza nikitaka pesa yangu inatokaje. Akanieleza: unauza, unasubiri siku kadhaa, wao wanakata ada yao, inaingia benki. Akaniuliza pesa yenyewe ni ya nini. Nikasema ni ya ng'ombe. Akasema, "Kama ndani yake kuna ada ya shule, itoe kwanza dada. Hisa zinashuka pia." Wale wote waliotupigia, mama, hakuna hata mmoja aliyewahi kututamkia neno kushuka.

Nimeuza fahali mmoja mnadani. Mmoja tu. Nimetenga ya shule, iliyobaki nimempelekea huyo dada, sehemu kubwa kwenye hatifungani, kidogo kwenye hisa. Najua ungenuna. Ungesema nimekwenda kama kinyonga. Lakini nimelala usingizi.

Kuna jambo la mwisho nililotaka ulijue. Wakati wa kufungua akaunti, yule dada alikuwa ananiuliza maswali kwenye simu. Jina, namba ya kitambulisho, mahali ninapoishi. Akauliza hali ya ndoa. Nikasema mjane. Akauliza jina la marehemu mume.

Nikasema, "Wankuru."

Akasita. "Si jina la mwanamke hilo?"

"La mwanamke. Alinioa kwa ng'ombe wake, kwa mila zetu huku."

Nilingoja acheke, au aseme mfumo haukubali. Nikasikia vidole vyake vikigonga kompyuta. Kisha akasema, "Nimeandika. Pole kwa kufiwa, dada."

Mama, tangu uondoke watu wamenipa pole nyingi. Pole kwa kufiwa na mama mkwe. Pole kwa msiba wa bibi wa watoto. Huyu, ambaye sijawahi kumwona sura, ndiye wa kwanza kunipa pole ya mjane. Nililia palepale kibandani, na mteja aliyekuwa dirishani akageuka pembeni akaningoja.

Sitakuahidi utajiri. Nakuahidi hii nyumba haitafungwa. Mwita atakua akijua ni wa kwako, Bhoke atasoma mpaka atakapofika mwenyewe, na kikao kikiitwa tena nitasimama kwa miguu yangu bila kungoja wa kunisemea.

Pumzika sasa, mama. Kazi iliyobaki niachie.

Mkeo,
Robi