Keki ya Asali ya Baba wa Biharusi

Makangale,
2 Februari 2025

Kwa mwanangu mpenzi Ummkulthum,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Ama baada ya salamu, mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri kila nikiinama jikoni. Wewe je? Na shangazi yako Bimkubwa? Na hao wanafunzi wako wa hapo Kengeja, hawajambo? Nijibu mmoja mmoja, usinifungie watu wote kwenye fundo moja.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Mtandao wa huku kwetu ni mgeni wa heshima, haukai. Halafu kopo lenyewe lazima lije na gari ya Kificho akirudi huko na ndizi zake, basi na barua nayo ipande bure. Humo koponi mna vikeki vya Kireno, vile vya maziwa na mayai vinavyoungua kidogo juu. Nilivijua Lisbon, meli yetu ilipokaa bandarini kutengenezwa, na toka siku hiyo sijaacha kuvihangaikia. Hivi vya leo nimevichoma kwa moto wa juu na chini, makaa ya vifuu juu ya kifuniko, na ganda limepasuka kama linavyotakiwa. Vikifika pungufu, muulize Kificho. Uvile kwa chai kavu isiyo na maziwa, na mchaichai usitie. Nakujua wewe na mchaichai.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Posa ya Hudhaifa nimeikubali kwa moyo mweupe, na harusi baada ya Idi, inshallah. Mama yako Rahila, Mungu amrehemu, angekuwepo angekushonea na kukupamba. Mimi sijui kushona. Ninachokijua ni jiko. Nimewapikia mabaharia wa kila taifa, na wewe huku unakua kwa shangazi yako. Sikukuona ukianza kutembea, wala ukikhitimu Kur-ani. Basi keki ya harusi yako nataka niipike mimi. Si ile ya krimu inayoganda kwenye meno. Nitakupikia keki ya asali ya Warusi, niliyofunzwa na Sergei, mwenzangu wa jikoni melini: tabaka nyembamba kama chapati, kila moja inachomwa peke yake, na katikati krimu ya mtindi uliochujwa kwenye kitambaa. Asali ya msitu wa Ngezi nimeshaiagiza.

Niambie ndiyo, nianze mazoezi.

Baba yako,
Hafidh


Kengeja,
10 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mimi sijambo. Shangazi hajambo, anakusalimu na anasema umekonda kwenye ile picha ya mwisho. Wanafunzi hawajambo, ila kwenye hesabu. Hilo goti lichue na mafuta ya karafuu, uache ubishi.

Vikeki vimefika, pungufu viwili, na Kificho kaapa kuwa gari ilikuwa inarusha. Baba, nilikula nimesimama pale pale mlangoni, hata viatu sijavua. Shangazi akasema vitu kama hivi vinataka kuliwa polepole, halafu yeye akala kunipita. Na mchaichai nilitia. Nisamehe.

Kuhusu keki ya harusi. Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaichana, naona bora niseme tu. Bi Laila, mama yake Hudhaifa, alikuja kututembelea na wenzake, akaliona kopo. Akauliza fundi nani. Shangazi akasema, "Kaka yangu." Bi Laila alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanamme mzima, ndevu nyeupe, anachapa mayai na sukari? Sufuria la biriani sawa, hilo la wanaume. Lakini vikeki? Kumbe nimepata shoga wa kupika naye, sikupata mkwe!" Alisema kwa utani, na wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona haya, Baba. Nilitaka kusema sikukuonea haya wewe, lakini wewe ndiye uliyenifunza nisiseme uongo.

Keki naitaka. Wallahi naitaka. Lakini nakuomba kitu kimoja: tuseme imenunuliwa dukani mjini. Hatajua mtu ila mimi, wewe na Shangazi. Kwako ni siku moja tu, Baba. Mimi ndiye nitakayekwenda kuishi na Bi Laila, na hiyo si siku moja.

Usikasirike.

Mwanao,
Ummkulthum


Makangale,
9 Machi 2025

Mwanangu Ummkulthum,

Assalaamu alaykum, na Mungu atukubalie funga zetu. Afya ninayo, alhamdulillahi. Goti limesikia mafuta ya karafuu. Nataraji na nyinyi mnafunga kwa wepesi.

Uliniambia nisikasirike. Nilikasirika. Nilikuwa nikiingia jikoni natoka, naingia natoka, hata maji ya chai yananishinda. Jirani yangu Haroub aliponiona hivyo nikamwambia nna homa, akaniletea ndimu. Nilikuwa sina homa, nna hasira. Nimewapikia mabaharia wenye vifua kama milango, na hapana hata mmoja aliyenicheka, maana baharini anayemcheka mpishi hulala na njaa. Leo nije nichekwe na Bi Laila wa Kengeja!

Basi. Mfungo umenitia adabu. Juzi baada ya futari nilikaa na kibilauri changu cha chai, nikajiuliza: hii keki ya nani? Ni yako. Ukitaka iitwe ya duka, itaitwa ya duka. Mzazi hapimani nguvu na mwanawe siku ya harusi yake.

Mazoezi nimeanza. Ya kwanza asali iliungua, nyumba nzima ikanuka kama nimechoma mzinga na nyuki wake. Ya pili Haroub na wanawe waliimaliza futarini ingali changa, na keki hii lazima ilale usiku kucha ndiyo tabaka zilainike. Ya tatu ndiyo yenyewe. Mtindi wa huku una baraka, ukiutundika kwenye kitambaa baada ya tarawehe, ukifika daku umeshakuwa mzito kama jibini.

Lakini na mimi nna ombi langu. Kwenye harusi ya wanawake siingii. Nitakuozesha msikitini, nitakula biriani na wanaume wenzangu, nitapanda gari na watu wa Makangale nirudi. Keki nitaikabidhi mlangoni ndani ya boksi, basi, sitaiona tena. Kwa hiyo niandikie wewe. Nani kala mwanzo, uso wake ulikuwaje, walisema nini. Usinipambie. Nikijua imelika na wewe ulifurahi, hilo jina la duka halitanidhuru.

Nakupenda, na hasira imekwisha. Karibu imekwisha.

Baba yako,
Hafidh


Makangale,
4 Mei 2025

Kwa biharusi wetu,

Assalaamu alaykum. Sisi huku wazima. Nasema sisi kwa sababu kuna paka kahamia hapa kwa ajili ya mtindi. Hudhaifa hajambo? Bi Laila hajambo? Shangazi yako mifupa imetulia baada ya shughuli ile?

Harusi imeshapita, na fungate ina mambo yake, sikuulizi. Lakini Kificho kaja huku mara ya kwanza mikono mitupu, nikasema, bado ni mgeni kwenye nyumba ya watu, mwache. Kaja mara ya pili, mikono mitupu vile vile. Hapo nikambana. Akajikuna kichwa, akasema mkewe alikuwepo ukumbini, na kwamba "keki ile ilizua maneno." Maneno gani? Hajui. Mkewe alikuwa anamhadithia, mtoto akalia, habari ikakatika. Hebu fikiri, mtu anasafiri kisiwa kizima kukuletea nusu ya habari!

Toka hapo jiko la keki sijaliwasha. Nafikiri labda asali iliungua tena na pua yangu ya kizee haikujua. Au mtindi ulichacha njiani, maana boksi nililipakata mapajani toka hapa mpaka huko, na jua lilikuwa kali. Watu waliumwa na matumbo? Kama nimekutia aibu mbele ya wakweo, niambie. Nimeshapata dhoruba, na hiyo nitaistahamili. Kimya chako ndicho kinachoniumiza.

Baba yako,
Hafidh


Kengeja,
9 Mei 2025

Baba yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mimi mzima, Hudhaifa mzima, Shangazi mzima ila miguu imemvimba, na Bi Laila naye mzima. Huyo paka mpe jina, ndiyo keshakuwa wako.

Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Sikunyamaza kwa ubaya. Nilikuwa nangoja Bi Laila arudi kusema nami vizuri, ili nisikuandikie habari ya ugomvi. Hajarudi sawasawa, basi nakuandikia hivyo hivyo.

Hakuna aliyeumwa na tumbo. Asali haikuungua, na mtindi ulikuwa mtamu. Kilichoharibika kiliharibiwa na mimi.

Nilikuwa nimekaa juu ya kiti kilichopambwa, mtandio umeshuka mpaka kidevuni, macho chini, hina mikononi. Unajua biharusi wa huku: hasemi, hacheki, hali mbele za watu. Shangazi akafungua boksi, akatangaza kama tulivyopatana kuwa keki imetoka dukani mjini. Wanawake wakasogea. Mwanapili, jirani yake Bi Laila, akainama akanusa. "Mbona inanukia tembo la mnazi?" Krimu yako ile, Baba, kwa asiyeizoea ina uchachu, na asali nayo ndani yake. Akauliza, "Keki ya wapi hii?" Na Shangazi kwa kujisahau akasema, "Ya Kirusi."

Lo! Ukumbi ukachafuka. Huyu anasema Warusi hawapiki kitu bila ya ulevi, yule anamvuta mwanawe mkono asiguse. Bi Laila akasimama, na nimtendee haki, aliuliza vizuri kabisa: "Kaipika nani? Tukiujua mkono wake tutakula. Duka gani hilo, na la nani?" Shangazi hakuwa na jina la kutoa, na ahadi aliniwekea. Akanitazama mimi. Mtu mmoja akaanza kulifunika boksi, wakasema ipelekwe uani wapewe kuku.

Baba, moyo ulinipasuka. Keki uliyoipakata mapajani, ikaliwe na kuku kwa sababu ya uongo wangu! Mwenye mkono ule wanamjua, waume zao wamempa salamu asubuhi ile ile msikitini, ni mimi tu niliyemficha.

Nikaupandisha mtandio. Nikasema kwa sauti ya darasani, maana nyengine sina: "Kaipika baba yangu, Mzee Hafidh, kwa mikono yake. Ndani yake mna asali ya Ngezi, siagi, mayai, unga na mtindi, na mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa akiifanyia mazoezi huku kafunga. Mimi ndiye niliyetaka iitwe ya duka, kwa sababu niliona haya. Sasa haya yangu yamekwisha."

Aliyekuwa na dufu aliliweka chini. Biharusi kasema! Na hapana aliyenyoosha mkono, Baba, si kwa sababu ya ulevi tena, kwa sababu walikuwa wananishangaa mimi. Basi nikashuka kitini, nikachukua kisu, nikakata, nikala. Nimesimama, mbele ya watu wote, krimu inanichirizika juu ya hina.

Umeniuliza nani kala mwanzo. Mimi.

Wa pili Shangazi, huku analia na kupiga vigelegele kwa pamoja, mpaka nikaogopa atapaliwa. Wa tatu nyanya yake Hudhaifa, Bi Time, ambaye hana hata jino moja. Alitafuna, akafumba macho, akasema, "Aa, hii mpishi wake anawajua wazee." Baada ya hapo sikuiona tena keki, niliona migongo ya watu. Mwanapili aliyenusa alirudia, na kipande chengine alikitia kwenye mkoba, anadhani sikumuona. Hudhaifa mpaka leo ananung'unika kuwa hakubakishiwa.

Bi Laila hakula. Ulisema nisikupambie. Alisema mbele ya watu kwamba mwanawe kaoa mdomo, na salamu zake kwangu hadi leo ni fupi. Kwao biharusi kusema ni jambo kubwa, na mimi nimelifanya nikijua. Ninamhudumia, ninampikia, tutazoeana au hatutazoeana. Lakini lile nililokuwa nikiliogopa limeshatokea, na usiku ule nililala usingizi wa kitoto.

Umeniuliza kama nilifurahi. Nilifurahi sana, Baba. Na nililia pia, kwa sababu wewe ulikuwa garini unarudi zako, na huku ukumbi mzima unalitaja jina lako na wewe hulisikii. Ningekuwa na uwezo ningekuingiza kwa mlango wa mbele, wanawake wakajifunika, ukaona.

Skulini habari imeshafika. Nikipita asubuhi, watoto wananiita kwa nyuma, "Binti wa Mzee wa Keki!" Walimu wenzangu wanataka niwakataze.

Siwakatazi. Naitika.

Mwanao,
Ummkulthum binti Hafidh