Habari za Figo Yako

Iyula, Mbozi

Baba,

Shikamoo, hiyo sikunyimi. Kahawa ya Bibi imechanua, nami namaliza kidato cha nne mwezi huu.

Jana ulipiga simu kutoka Tunduma ukauliza, kama kawaida yako, "Figo yangu inaendeleaje?" Imechoka. Daktari anasema figo ya kupandikizwa huchoka hata ikitunzwa, na kwa miaka tisa sijaruka kidonge hata kimoja. Kwa hiyo usimtukane Mama.

Uliponipa, nilipiga magoti kukushukuru mbele ya ukoo mzima. Tangu hapo umenikataza kucheza, kwenda bweni, hata kukujibu.

Ikigoma kabisa, Mama atakujulisha. Habari zangu hujawahi kuziuliza, basi zilizobaki sikuandikii.

Ni mimi, mbeba figo yako,
Tukuswiga