Dira Ulizotutumia

Neiafu, Vava'u

Mpendwa Dada Siale,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini hujambo, na baridi ya Edmonton haijakumaliza. Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo.

Dira zako zimefika. Niliwagawia wanafunzi wa kidato cha tatu kwa mbwembwe zote. Loo! Kila mshale uliinamisha ncha yake ya kusini, ukakwaruza kisahani, ukagoma kuzunguka. Kalolaine, binti wa jirani yetu, akauliza, “Mwalimu, hizi zimelewa kava ya nani?” Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka huku jasho linanitoka.

Sikuwa nimefikiri. Sumaku ya dunia haivuti kwa usawa. Huko kwenu huvuta ncha ya kaskazini kuelekea ardhini, basi watengenezaji huongeza uzito upande wa kusini ili mshale ulale sawa. Huku kwetu, kusini mwa dunia, inayovutwa chini ni ncha hiyo hiyo ya kusini, na ule uzito unazidi kuiinamisha. Somo likapatikana hapo hapo. Tulifungua vioo, kila mmoja akadondosha nta ya mshumaa upande wa kaskazini, akawa anakwangua na kuongeza mpaka mshale ukainuka. Kalolaine akasema kumbe hata kilichozoea ugenini kinaweza kufundishwa kukaa nyumbani. Nikageukia ubao, maana nilikukumbuka.

Dada, kuna jambo. Unajua kwa mila yetu kaka hamtajii dada yake mambo ya namna hii, kwa hiyo nilimwomba Mama aandike yeye. Amekataa katakata. Anasema akiandika yeye utatuma parseli, nikiandika mimi utajua tumezidiwa na hamu ya kukuona, utakuja. Basi naandika huku nimeinamisha uso: baada ya miaka yote ile ya kungoja, mke wangu Lesieli ni mjamzito. Atajifungua kabla ya Krismasi.

Wewe ndiye shangazi. Jina ni lako kulitoa, na siku hiyo mahali pa heshima ni pako. Binamu zetu wamejitolea kukaa hapo badala yako. Nimewakatalia. Nimekukosa sana, Dada. Mama amemaliza kusuka mkeka wako, ameulaza juu ya kitanda chako, na mtoto hatapewa jina mpaka uukalie.

Mama na Lesieli wanakusalimu. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Feleti