Baba Hajafa, Seif

Mdogo wangu Seif,

Leo sianzi kwa salamu. Salamu ni za watu wanaopokea simu. Nimekupigia mpaka mkeo Elif amekuwa akinionea huruma, kila mara ananijibu, "Yuko shambani, dada," kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe. Katika lugha yetu yote, ndilo neno ulilochagua kumpa. Basi nakuandikia hapa pa wazi, mbele ya ukoo mzima, wasome wote: wa Ibra, wa Bidiya, wa Maskati, na binamu zetu wa Pemba ambao wakipiga simu huuliza, "Na Seif je?" kisha hubadilisha mazungumzo kabla sijajibu. Watu watasema. Wacha waseme, walishasema yote na midomo yao bado haijachoka.

Nina hasira nawe. Nimekaa nazo tangu msimu wa zabibu wa mwaka jana nilipokuja kwako, nikidhani zitapoa zenyewe kama chai iliyosahauliwa. Hazikupoa. Na sasa limetokea jambo ambalo siwezi kulinyamazia, lakini nitalifikia. Wewe siku zote ulikuwa wa kurukia mwisho. Leo utasoma kwa mpango.

Unakumbuka tabsili? Wewe unakumbuka, nawaambia wengine wanaosoma. Kwetu Bidiya kuna mtende uitwao mabsili. Tende zake hukatwa zingali za njano, zikachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba juu ya moto wa kuni, kisha zikamwagwa uwanjani zikauke kwa jua. Ni siku za jasho na moshi na kelele, na shamba zima hunuka utamu. Baba hakuzaliwa na kazi hii. Alifika Oman kijana mzima, mikono yake inajua karafuu za Pemba tu, na jamaa wa hapa wakamcheka: Mzinjibari huyu, hata tende hajui kuchemsha! Akajifunza kwa kuungua vidole. Ndiyo maana tabsili kwake si kazi. Ni heshima yake, aliipata kwa shida, na hakutaka mtu aichezee.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria ambayo sijaiona kwa jirani yeyote. Tende haziepuliwi mpaka waonje watu wawili, baba na wewe, na wote wawili waseme imeiva. "Mdomo mmoja hudanganywa na njaa," alikuwa akisema. Mimi ndiye mkubwa, lakini nilipewa birika la kahawa niwazungushie wageni. Hata hilo sijakusamehe, ukitaka kujua.

Na wewe ulikuwa na pupa. Subira hukupewa hata kidogo. Ulizivuta kuni kabla ya wakati, ukaonja, ukakuta bado, ukazirudisha mbio mbio, na tende za chini zikashika sufuria. Baba alikupigia ukelele mpaka ng'ambo ya shamba wakasikia: "Seif! Moto hauchezewi mara mbili!" Mama, Mungu amrehemu, akicheka nyuma ya pembe ya mtandio wake. Halafu unakumbuka alivyofanya baba? Zile zilizoungua alizitenga kwenye sinia yake, akazila mwenyewe moja moja, asije mtu akaziona akakucheka. Hakuna aliyeambiwa. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa na birika.

Kisha ukaenda Uturuki kusoma, ukaoa huko, ukaingia kwenye shamba la mizabibu la mkweo, na habari ikatufikia kwamba mtoto ambaye baba mwenyewe alimfundisha Kurani anatengeneza mvinyo. Baba alisimama mlangoni na kofia yake kichwani, tayari kwa kwenda msikitini. Akasema, "Kwangu mimi, amekufa." Akaenda kuswali. Hakulirudia neno hilo tena, na jina lako pia hakulitaja. Miaka imepita tukikaa na ukimya huo sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilipokuja, nilimwambia baba nakwenda kutembea Istanbul na wanawake wa kazini. Nilitembea nao kweli. Kisha nikawaacha, nikapanda ndege hadi Izmir, ukaja kunipokea na gari lililojaa makreti matupu. Mikono yako ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko. Nilikukumbatia nikalia, na rangi ikabaki kwenye abaya langu, haijatoka mpaka leo.

Nitasema kweli hata nikiwa na hasira: kazi unaijua. Jengo dogo la mawe lililokuwa zizi la farasi, mapipa machache, na wewe ndani yake unafanya kila kitu kwa mikono yako. Unakata zabibu, unazichambua, unatumbukiza mkono kwenye pipa kupima joto lake kama mama anavyopima maji ya kumkoshea mtoto. Usiku unabandika lebo mwenyewe mezani pa jikoni, Elif anakupanguzia gundi. Sikuonja, na hukunilazimisha. Nilipewa juisi iliyokamuliwa asubuhi ile, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikakutazama, na moyoni nikasema, huyu ni baba. Anavyoinama ni baba. Anavyomkaripia mfanyakazi halafu anampa maji, ni baba mtupu.

Halafu nikaiona lebo. Mtende. Mvinyo wenye mtende, Seif! Tena si mtende wowote, umeuchora ule wa pembeni mwa falaji yetu, mfereji wa maji ya shamba, uliopinda shingo, ambao tuliukwea sote. Nikasema labda ni kiu ya nyumbani. Nikakusamehe hapo hapo, kwa ujinga wangu.

Mchana wakaja wageni, watalii wa huko huko, wamevaa kofia za jua. Ukawapanga mbele ya mapipa ukaanza kuwahadithia. Kituruki sikijui, nilikuwa natabasamu tu kama mtu wa kwenye picha. Mara nikakusikia unasema, "Merhum babam." Neno la kwanza na la pili. Hayo hayahitaji mkalimani, Seif. Marehemu baba yangu. Ukaweka mkono kifuani. Mwanamke mmoja akainamisha kichwa kukupa pole. Na ukaendelea kueleza, vidole vikionesha namna ya kuonja, watu wawili, na nikajua ni sheria ya baba unayowapa, tena kwa chupa ile!

Nilikuvuta nyuma ya jengo kabla gari lao halijaondoka vizuri. Nikakuuliza, "Baba amekufa lini? Nambie, nikaweke matanga, maana jana nilizungumza naye akaniuliza kama nimekula."

Ukatazama viatu vyako. "Kaanza yeye," ukasema.

Kaanza yeye! Mwanamume mzima, ndevu zimeanza mvi, unanijibu kama mtoto aliyepigana madrasa. Nikakwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wengine wanaosoma wana watoto. Nawe ukaniacha nimalize, ukasema taratibu, "Dada, wageni huniuliza kama baba yangu ameonja mvinyo wangu. Niwajibu nini? Kwamba hataki hata kulisikia jina langu? Kumzika ni rahisi kuliko kueleza."

Nilikuonea huruma. Hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi, kwamba nilikuonea huruma. Lakini nisikilize: huruma si ruhusa. Mtu aliyekula tende zako za kuungua hazikwi kwa sababu ni rahisi.

Siku ya kuondoka ukanipa chupa ya mdomo mpana, imejaa asali nyeusi ya zabibu. "Hii ni juisi iliyopikwa tu, wallahi haina kitu ndani. Mpelekee. Usimwambie imetoka kwangu." Nikaifunga ndani ya nguo zangu, nikavuka nayo nchi na nchi, nikiwa nimekukasirikia njia nzima.

Nikamwambia baba nimeinunua sokoni. Asubuhi alikata kipande cha mkate, akachovya, akatafuna polepole. Akachovya tena.

"Nani kapika hii?"

"Watu wa huko, baba."

"Watu wa huko wana karne na karne wanapika zabibu, hawana pupa hii." Akalamba midomo. "Huyu kautoa moto kabla ya wakati, halafu kaurudisha. Chini imeshika kidogo."

Nilijitia kutafuta sukari. Naye hakuuliza tena. Aliinuka na fimbo yake, akaichukua ile chupa, akaiweka chumbani kwake pamoja na dawa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata wajukuu. Kijiko kimoja kwa mkate kila asubuhi, mlango umefungwa. Ilipokwisha, aliiosha mwenyewe, akaipindua dirishani ikauke, na ipo hapo hapo mpaka leo.

Na baba naye simwachi, msidhani. Nimekaa na hasira zake pia. Mzee mzima anakula asali ya mwanawe kwa kujificha kama mwizi wa sukari, na kinywa hicho hicho kinashindwa kutamka herufi nne! Wanaume wawili mmeuana kwa ulimi, mmoja Bidiya, mmoja milimani kwa Waturuki, na mimi katikati nabeba majeneza mawili matupu, nauliza huyu amekula, yule ana afya. Hamkuniuliza kama nina mabega.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Tabsili ya mwaka huu imekuwa wiki iliyopita. Moyo wa baba umechoka, daktari wa Ibra amesema asisimame juani, naye akasema daktari hana mitende. Tukampelekea kiti kivulini karibu na sufuria. Amepungua, Seif. Kanzu inamvaa yeye. Lakini alizitazama kuni kwa jicho lile lile, na wafanyakazi waliogopa vile vile.

Wakati ulipofika wakamletea tende kwenye kijiko kirefu. Akaipuliza, akaiuma, akafumba macho. "Imeiva," akasema.

Miaka yote hii, baada ya neno lake hilo, huwa tunakaa kimya kidogo, kisha msimamizi anaepua. Hatusemi chochote, ule ukimya ndio zamu yako. Safari hii msimamizi alipoinua mkono, baba akamzuia.

"Mdomo mmoja huu. Mwiteni Seif aonje."

Wote wakanitazama mimi. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake, nikamshika goti. Nilidhani akili zimeanza kumhama. Nikamwambia kwa upole, "Baba, Seif yuko Uturuki."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimwaga kahawa. "Najua aliko. Nimekuuliza aliko? Nimesema mwite."

Tende ziliungua siku ile, Seif. Sufuria nzima, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuziepua mpaka yeye mwenyewe aliposema basi. Na hakumfokea mtu.

Nikaanza kukupigia jioni ile ile, na Elif akaanza kuniambia uko shambani. Unadhani nataka kugombana tena. Nataka, ndiyo, na tutagombana, lakini barazani kwetu, uso kwa uso, wewe umekaa na kikombe mkononi. Sikwambii uache kazi yako. Hilo ni lako na Mola wako, na baba atakupa maneno yake mwenyewe, tena makali, jiandae. Sikwambii kwamba atakukumbatia. Nakwambia ameita. Mtu yule, kwa kinywa kile, mbele ya watu, ametaja jina lako na akaacha tende ziungue.

Njoo na Elif. Njoo na chupa nyingine ya asali, na usiuharakishe moto, ingawa najua utauharakisha.

Salamu nilizokunyima mwanzo sikupi hata sasa. Una deni la shikamoo kwa mtu mmoja kabla hujadai salamu kwangu. Marehemu huombewa dua, haamkiwi. Baba anaamkiwa bado, na kila asubuhi anaitikia marahaba kwa sauti ambayo siku hizi lazima nisogee karibu niisikie.

Uliwaambia wageni wako uongo. Ukichelewa, Seif, utakuwa umewaambia kweli.

Dada yako wa toka nitoke,
Zuwena