Gari la Viti Viwili

Mjukuu wangu Neema,

Huku Edmonton tu wazima. Goti langu limetulia, ila mama yako bado amenuna. Unauliza kama ni kweli nimenunua gari la spoti. Ni kweli, tena jekundu!

Nililikuta kwa muuzaji, jipya kabisa, limekosa mnunuzi tangu toleo jingine litoke. Muuzaji mwenyewe akanionya: "Mama, viti ni viwili tu, na buti haiingii hata sanduku moja."

Nikamwambia, "Hilo hilo ndilo ninalotaka."

Unalikumbuka lile langu la zamani la viti saba? Mgeni wa mtu yeyote akitua uwanja wa ndege, napigiwa simu mimi. Harusi mimi, matanga mimi, na kukataa sikuweza. Juzi Mama Kevin wa kanisani akaniomba nikampokelee wageni wake watano. Nikamtumia picha ya gari jipya, basi. Akajibu, "Hongera, mama. Acha nitafute teksi."

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikapoa. Miaka yote mdomo ulishindwa, gari limenisemea.

Wewe ukija, nitakupokea mwenyewe. Kiti cha pili ni chako. Sanduku lako litapanda teksi.

Bibi yako akupendaye