Nyimbo Kumi na Nane za Bwana Zumari

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Baada ya sala ya Ijumaa nimeanza kurekodi santuri za Babu kwa simu. Ziko tisa, nyimbo kumi na nane. Alizinunua Tabora, ujanani, kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga duka. Sindano ya gramafoni imechoka, inazikwaruza, na Babu anataka zihifadhiwe kabla hazijafa. Nadhani mji mzima huu wa Ibra hakuna mwingine mwenye kitu kama hiki. Bendi kubwa ya Kimarekani, matarumbeta, piano, ngoma — na kiongozi wao anapiga klarineti. Jina lake limechubuka pale katikati ya santuri, kwa hiyo Babu anamwita Bwana Zumari.

Tatizo: Babu hanyamazi! Wimbo ukianza tu anawagombeza. "Nyie matarumbeta, kaeni chini! Mwacheni mwenyewe aingie!" Bibi akapaza sauti kutoka jikoni: tazama huyu mtu wa bara, anaamrisha watu wasiojua hata Kiswahili. Babu akasema wanamsikia vizuri sana, mbona wamekaa?

Nimecheka mpaka machozi. Lakini rekodi zote kumi na nane zimeharibika.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimejaribu kuitoa sauti ya Babu kwa programu. Haitoki. Imeng'ang'ania klarineti.

Niliona haya kumwambia, nikamwandikia karatasi: "Babu, shikamoo. Tafadhali tusiseme wimbo ukilia." Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. Tukarekodi upya. Nyimbo zote kumi na nane amekaa kimya, mikono magotini, kama mtoto wa madrasa. Pahala pengine mdomo wake ulifunguka, akaufunga.

Rekodi safi!

Alhamisi, 9 Oktoba

Simu imejaa. Nimezifuta zile za Ijumaa, nikabaki na zilizo safi. Jioni nimemsikilizisha Babu. Akasema: kama redio. Nikamwuliza amefurahi? Akasema: "Wamepiga vizuri, hawakuhitaji msaada wangu."

Nilidhani anatania.

Jumanne, 14 Oktoba

Babu amefariki. Asubuhi, sijavaa hata viatu vya shule. Moyo, daktari amesema. Wamemzika baada ya alasiri. Wanaume wamekwenda, sisi wanawake tumebaki tunasikia gari zinaondoka moja moja.

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Matanga yamekwisha, viti vimerudishwa. Bibi amekaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi. Mama amemvua bangili na kuzifunga kwenye kitambaa.

Ami Yaqoob, mdogo wake baba, amerudi kwake Samail leo. Kabla ya kuondoka aliifunika gramafoni kwa shuka. Kasema muziki usisikike nyumba hii mpaka arobaini ipite, watu watatufikiriaje. Halafu akanigeukia mimi. "Hata kwenye simu, binti yangu. Umesikia?" Nikasema ndiyo, Ami. Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na mikunjo ya ile shuka aliinyoosha kwa mkono, polepole, kama anamtandikia mtu.

Sitafungua hata wimbo mmoja. Nimeahidi.

Jumapili, 9 Novemba

Mtihani wa fizikia. Sijui nimeandika nini.

Mama anazitoa kanzu za Babu kugawa. Amekuta karatasi mfukoni. "Ghadeer, huu si mwandiko wako?" Nikasema si kitu, nikaichukua.

Jumatatu, 24 Novemba

Arobaini ilikuwa juzi. Khitma imesomwa, watu wamekula, wamekwenda zao.

Leo nimetoka shule, Bibi ananiita chumbani. "Mwanangu, siku zimetimia. Lete simu yako." Nikamwuliza, Bibi, unataka muziki?

"Muziki wa nini! Miaka hamsini zile kelele zimenipasua kichwa. Namtaka yeye. Anavyowafokea." Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa ncha ya shela. "Nimesubiri, wallahi, kama mtu anayesubiri adhana afuturu. Nikajisemea, si kitu, Ghadeer anaye kwenye simu."

Nikasema simu haina chaji. Uongo! Ilikuwa na asilimia themanini.

Nimejifungia chooni, nikatafuta pale vinapokwenda vilivyofutwa. Patupu. Kuna maandishi madogo chini: vinakaa siku thelathini, kisha vinaondoka kabisa. Nilifuta tarehe tisa Oktoba. Siku thelathini ziliisha tarehe nane Novemba. Mpaka siku ile Babu alikuwemo humo mfukoni mwangu, darasani, kwenye basi, na sisi sote tumekaa kwa adabu tunangoja arobaini.

Nimehesabu tena kwa vidole. Jibu lile lile.

Jumanne, 25 Novemba

Nimepanga maneno njia nzima kwenye basi la shule. Bibi, nisamehe. Bibi, mimi ndiye niliyemnyamazisha. Kila nikifika kituo maneno yanapungua. Nyumbani nimefika sina hata moja.

Bibi yuko tayari. Amekaa kitandani, shela imenyooka, mlango ameurudisha. "Imepata chaji?"

Nimesema ndiyo. Nimeweka wimbo wa kwanza. Mungu wangu, nimeuweka!

Nimeshika daftari nisimtazame usoni. Naandika huku wimbo unalia, anadhani ni kazi ya shule. Matarumbeta yameanza. Bibi anatabasamu, kainua kidole: "Ngoja. Hapa, hapa ndipo anapowaambia."

Matarumbeta yamenyamaza yenyewe. Klarineti imeingia peke yake. Safi kabisa, hakuna ila mkwaruzo wa sindano.

Bibi ameichukua simu, ameiweka sikioni. Macho amefumba.

"Ongeza sauti, Ghadeer," anasema. "Yupo mbali."

Sauti imeshafika mwisho. Haiongezeki tena. Nimeinuka, nimebonyeza hivyo hivyo.